Mahabharata na kikao cha ukoo: tujifunze nini kwa wazee walionyamaza?

Mstaafu wa Mufindi (Mafinga) ameandika:

Ndugu wanajukwaa, shikamoo kwa walionizidi umri, na kwa wengine wote salamu.

Naleta swali lililonikalia moyoni tangu mwezi uliopita, nalo linahusu utenzi wa kale wa Wahindu uitwao Mahabharata. Mimi niliusikia kwa mdomo kabla ya kuuona kwenye karatasi. Nikiwa kijana nilifanya kazi katika duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi pale Iringa mjini, na jioni, tukiisha kukunja majora na kufunga milango, alikuwa akimimina chai ya maziwa kwenye kisosi, anaipuliza, kisha anaendelea na hadithi pale alipoishia jana. Ilimchukua misimu miwili ya mvua kuimaliza. Baadaye nilipokuwa mwalimu nilipata toleo lililofupishwa, nikagundua kwamba mzee wangu hakuwa akirefusha mambo: utenzi wenyewe una vitabu 18 na beti zinazokaribia 100,000, na wataalamu wanaona kwamba ulikusanywa na kuongezewa kwa karne nyingi, takriban kati ya mwaka 400 kabla ya Kristo na mwaka 400 baada yake.

Kwa asiyekifahamu, kisa ni hiki kwa ufupi. Katika mji wa Hastinapura walikuwako ndugu wawili wa kifalme, Dhritarashtra na Pandu. Dhritarashtra ndiye mkubwa, lakini alizaliwa kipofu, na kwa sababu hiyo kiti kikaenda kwa mdogo wake. Pandu akafa mapema akaacha wana watano, na yule kipofu akashika kiti akiwa na wana 100 wa kwake, mkubwa wao akiitwa Duryodhana. Waandishi wa Kizungu huwaita vijana hao mabinamu. Kwa hesabu ya kwetu, ambapo baba zao ni mtu na mdogo wake, hao ni ndugu kabisa, na ndiyo maana hadithi hii inauma zaidi ikisikilizwa huku nyanda za juu kuliko inavyouma ikisomwa kwa Kiingereza.

Watu wengi hupenda sehemu ya vita, yale mapigano ya siku 18 katika uwanda wa Kurukshetra, majeshi 11 upande mmoja na 7 upande wa pili. Siwashangai. Wanafunzi wangu waliijua kwa kichwa tarehe ya vita vya Lugalo, Wahehe walipowapiga Wajerumani, 17 Agosti 1891, lakini ukiwauliza ni mashauri gani yaliyotangulia siku ile, darasa zima lilitazama dari. Mimi kilichonishika ni baraza, si uwanja wa vita. Duryodhana, akiwa ameingiwa na wivu kwa utajiri wa wale watano, alimwalika mkubwa wao, Yudhishthira, kwenye mchezo wa dadu, na mahali pake akamweka mjomba wake Shakuni, mtu stadi wa hila. Yudhishthira akatia dau hazina yake, mifugo, ufalme, wadogo zake mmoja baada ya mwingine, kisha nafsi yake mwenyewe. Na akiisha kujipoteza yeye, akamtia dau Draupadi, mke wao wote watano. Muda wote huo mfalme kipofu, ambaye alipaswa kuusimamisha mchezo, alikuwa akiuliza kila dadu zinapoanguka: «Tumeshinda? Tumeshinda?»

Draupadi akaburutwa kwa nywele hadi barazani, na pale, mbele ya wakubwa wote, akauliza swali moja: huyu mume wangu alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Kama alikwisha kuwa mtumwa, alikuwa na mamlaka gani ya kuniweka rehani? Akajibu Bhishma, mzee kuliko wote, mtu wa heshima isiyo na doa, babu wa pande zote mbili. Alisema kwamba asiye na mali hawezi kutia dau mali ya mwingine, lakini pia mke huhesabiwa kuwa chini ya mume. Kwa hiyo njia ya haki ni nyembamba mno, naye hawezi kulipatia swali hilo jibu. Wengine wakainamisha vichwa.

Sasa nieleze kwa nini nimeandika. Kaka yangu alifariki mwaka juzi akaacha wake wawili na shamba la mipaini la ekari 14, miti yenye umri wa miaka 15 hivi. Mwana mkubwa wa nyumba ya kwanza aliuza sehemu ya miti ile ikiwa bado imesimama kwa mnunuzi mmoja wa mbao, na fedha hazikuonekana. Nasikia zilikwenda kwenye kubeti mechi za Ulaya, lakini hilo sina ushahidi nalo. Tukaitisha kikao cha ukoo. Ulanzi uliletwa kwenye ndoo ya plastiki ya kijani, ukanywewa, maneno yakazunguka, na ilipofika saa kumi shemeji yangu, mke wa pili wa marehemu, alisimama karibu na mlango akiwa bado ameshika khanga yake kifuani, akauliza: «Siku alipouza miti, alikuwa amekwisha kuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, au alikuwa bado?»

Watu wote walinitazama mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa katika waliobaki. Nikasema: «Jambo hili lina utata, shemeji. Tulipe muda.» Wenzangu wakaitikia kwa kichwa, kikao kikafungwa. Usiku, nikiwa nimelala, nilimsikia Bhishma akisema kwa mdomo wangu.

Swali langu ni hili. Utenzi huu wa kale unamhesabuje mzee anayenyamaza akijua? Je, kimya cha Bhishma kilikuwa busara, au kilikuwa ndilo kosa lenyewe lililozaa vita? Na mtu aliyekwisha kunyamaza, je, hadithi inampa njia yoyote ya kurudi?

Binti Rungwe (Tukuyu) amejibu:

Baba, shikamoo. Nakushukuru kwa kusema wazi jambo ambalo wengi wangelificha chini ya mkeka.

Nitaanza na neno ulilolitumia wewe mwenyewe, «utata». Nimeusoma utenzi huo mara mbili, na kila nikifika barazani naona kwamba swali la Draupadi halina utata hata kidogo. Ni swali la hesabu: kipi kilitangulia? Waliokuwapo walizihesabu dadu kwa macho yao. Utata uliingia pale tu ambapo jibu lilikuwa na gharama, maana Bhishma alikula kwenye meza ya mfalme, na ujanani aliapa kutokutwaa kiti cha enzi wala kuoa ili baba yake apate kumwoa mwanamke aliyempenda. Tangu hapo akajifunga kukilinda kiti kile bila kujali aliyekikalia. Nadhani kiapo chake kilikuwa kizuri siku alipokiapa. Kilioza baadaye, kama kiazi kizuri kinavyooza kikiwekwa ghalani kando ya kilichopondeka, na yeye akaendelea kukilinda kwa sababu tu ni chake.

Swali la shemeji yako nalo ni la hesabu. Hati ya uteuzi ya Mahakama ya Mwanzo ina tarehe. Makubaliano ya kuuza miti yana tarehe, na kama hayakuandikwa basi wapo walioshuhudia. Ziwekeni tarehe mbili hizo mezani, moja kando ya nyingine. Ikiwa aliuza kabla ya kuteuliwa, aliuza mali ya marehemu bila mamlaka. Ikiwa aliuza baadaye, bado msimamizi si mmiliki, na anawajibika kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu za mgawanyo. Kwa njia zote mbili anadaiwa maelezo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sioni utata katika daftari.

Lakini hukuuliza habari za sheria, umeuliza kama hadithi inatoa njia ya kurudi. Mimi naona inatoa, ila si katika baraza lile. Wale watano walipopelekwa uhamishoni miaka 12 porini, na wa 13 wa kujificha wasitambulike, ilitokea siku moja mwishoni mwa kukaa porini kwamba wadogo wanne wa Yudhishthira walikwenda kuchota maji ziwani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaanguka amekufa, kwa kuwa alikunywa kabla ya kujibu maswali ya roho iliyokuwa ikililinda ziwa. Yudhishthira akafika, akajibu yote. Aliulizwa hata ni jambo gani la ajabu kupita yote duniani, akasema kwamba kila siku watu wanakufa, na waliobaki wanajiona kama watakaoishi milele. Mwishowe roho ile ikamwambia: chagua ndugu mmoja, nimfufue.

Tazama alivyochagua, baba. Bhima alikuwa na nguvu za kuvunja jeshi. Arjuna ndiye aliyekuwa mpiga upinde ambaye bila yeye wasingeshinda vita. Wote wawili walikuwa wa mama mmoja naye, Kunti. Yeye akamchagua Nakula, mtoto wa Madri, mke wa pili wa baba yao, aliyekuwa amekwisha kufariki. Akaeleza kwamba mama yake anaye mtoto mmoja aliye hai, ambaye ni yeye. Basi na Madri abakiwe na wake. Ni mtu yule yule aliyemwaga kila kitu kwenye dadu. Baada ya miaka ya kula mizizi porini alikuwa amejifunza kuhesabu nyumba mbili kwa kipimo kimoja.

Mimi ni mtoto wa mke wa tatu. Sehemu ile naisoma polepole.

Mtumishi_Isanga (Mbeya) amejibu:

Bwana asifiwe. Mada ni nzuri, lakini naomba niulize kwa upole: sisi tulio Wakristo, tuna Biblia yenye Naboti na shamba lake la mizabibu, na Daudi aliyeambiwa usoni na Nathani. Kuna haja gani ya kwenda hadi India kutafuta mafunzo katika hadithi yenye miungu mingi? Sisemi kwa dharau, nauliza tu.

Binti Rungwe (Tukuyu) amejibu:

Mtumishi, salamu. Naboti namfahamu, na mfano wako ni mzuri kweli kweli. Ila Naboti aliibiwa na mtu wa nje ya ukoo wake, mfalme mwenye muhuri. Mzee wetu anaumwa na jambo la ndani ya ukoo, na utenzi huu umekaa ndani ya ukoo kwa beti 100,000. Kuazima kipimo cha jirani ili kupima kiwanja chako si kuhamia kwake.

Mkaazi wa Soweto (Mbeya mjini) amejibu:

Mzee, shikamoo. Mimi nitakwenda kinyume kidogo na dada yangu wa Tukuyu, ambaye ninakubaliana naye kuhusu tarehe na daftari.

Tatizo langu ni namna watu wanavyougeuza utenzi huu kuwa kitabu cha maadili, kila mhusika akabandikwa somo lake kama bei kwenye bidhaa. Ukiusoma kwa makini hauruhusu jambo hilo. Yudhishthira, ambaye mnamsifu kwa yale ya ziwani, ndiye aliyemuua mwalimu wake Drona kwa ulimi. Drona alikuwa hashindiki, basi wakamuua tembo mwenye jina sawa na la mwanawe, Ashvatthama, na Yudhishthira, ambaye Drona alimwamini kuliko watu wote, akatangaza kwa sauti kwamba Ashvatthama amekufa, kisha neno «tembo» akalimung'unya lisisikike. Drona akaweka silaha chini, akauawa. Utenzi unasema gari la Yudhishthira, ambalo kwa sababu ya ukweli wake lilikuwa likielea juu ya ardhi kwa kimo cha vidole vinne, siku hiyo lilishuka magurudumu yakagusa vumbi kama magari ya watu wengine. Napenda sana vidole vinne hivyo. Mshairi hakumtupa motoni wala hakumwita mwongo, alimshusha tu, akamwacha aendelee na safari.

Na kabla ya vita hivyo kulikuwa na nafasi ya kuviepuka. Krishna, rafiki wa ndugu wale watano, alikwenda Hastinapura kama mjumbe wao, na wale watano walikuwa tayari kupokea vijiji vitano tu, kijiji kimoja kwa kila ndugu. Duryodhana akajibu kwamba hatatoa hata ardhi inayoweza kufunikwa na ncha ya sindano. Baba yake alikuwapo, na Bhishma na Drona pia walikuwapo. Safari hii hawakunyamaza, walimsihi sana, lakini kijana alikwisha kuzoea kwamba maneno ya wazee hayana meno. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, lilipo jibu la swali lako, mzee. Kimya cha barazani hakikuzaa vita siku ile. Kilimfundisha Duryodhana kwamba wazee hao, hata wakisema, watasema tu na kukaa chini. Na kweli, vita vilipoanza, Bhishma aliyeukosoa upande ule ndiye aliyeuongoza kwa siku 10 za mwanzo, hadi alipoangushwa akalala juu ya mishale.

Kwa hiyo nikuulize, nawe usikasirike: ukienda kesho ukasema kweli mbele ya mpwa wako… samahani, mwana wa kaka yako ni mwanao kabisa… ukasema kweli mbele ya mwanao, kisha yeye akapuuza, utafanya nini siku ya pili yake? Maana yupo mmoja aliyesema siku ile, nanyi hamkumtaja. Ni Vikarna, mmoja wa wale ndugu 100, mdogo wake Duryodhana. Alisimama peke yake akawaambia wakubwa kwamba swali la Draupadi lina jibu, na jibu ni kwamba hakushindwa kihalali, kwa kuwa aliyemtia dau alikuwa amekwisha kujipoteza. Karna, rafiki mkubwa wa Duryodhana, akamkemea kama mtoto, akaketi. Vita vilipokuja, Vikarna alipigana upande wa kaka yake, akauawa na Bhima kama wenzake. Kusema mara moja hakukumhamisha alipokuwa amesimama.

Kuhusu kubeti sitasema mengi. Hapa mjini kila kona ina kibanda, na kila aliyeliwa ana Shakuni wake wa kumlaumu.

Fundi Kihesa (Iringa) amejibu:

Wakubwa shikamooni. Mimi ni seremala, mipaini naijua ikiwa mbao, na katika utenzi huo nakijua vizuri kisa kimoja tu, nilichosimuliwa na bwana aliyenifundisha kazi. Naona kinahusika.

Kulikuwa na kijana wa porini aliyeitwa Ekalavya, mtoto wa watu waliodharauliwa, aliyetaka kufundishwa upinde na Drona. Drona akamkataa, kwani alifundisha watoto wa kifalme. Kijana akarudi msituni, akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akaiweka mbele yake na kujifunza peke yake kila siku mpaka akampita Arjuna mwenyewe. Drona alipogundua alidai ada ya ualimu. Kijana akasema, chochote utakacho, mwalimu. Drona akataka kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya akakikata akampa, akicheka, na tangu hapo mishale yake haikwenda tena kwa kasi ya zamani.

Bwana wangu alinisimulia hayo siku niliyoharibu ubao wa mninga kwa kupiga randa kinyume cha nyuzi. Alishika kidole gumba changu, akakibinya pale ambapo randa hukaa, akaniambia: hiki ndicho chote ulicho nacho, usimpe mtu. Nilidhani anafundisha randa. Miaka ilipopita nikaona mafundi wengi wakinyonywa na mabwana wasiowahi kuwafundisha lolote, nikaelewa.

Sasa mzee, umetuambia ekari 14, umetuambia umri wa miti, umetuambia nani aliuza. Hukutuambia nani alichimba mashimo. Miti ya miaka 15 haikuota yenyewe. Kuna mtu alibeba viriba vya miche kichwani kutoka kitaluni, kuna mtu alifyeka miaka ile ya mwanzo majani yasiisonge miche, kuna mtu alikata njia ya moto kila kiangazi, na kuna mtu aliyepogoa, maana mipaini isiyopogolewa inatoa mbao yenye vifundo ambayo mimi siinunui. Kama mtu huyo ni wa nyumba ya pili, basi huko mnakogawana kuna kidole gumba cha mtu ndani ya hesabu, na mtaje.

Mkaazi wa Soweto (Mbeya mjini) amejibu:

Fundi, hapo umetupita wote. Naongeza jambo moja dogo kwa sababu mzee aliuliza habari za njia ya kurudi. Bhishma alipolala juu ya ile mishale hakufa mara moja. Alikuwa na kipawa cha kuchagua siku ya kufa, akangoja jua lianze safari yake ya kuelekea kaskazini. Na katika kungoja huko alimfundisha Yudhishthira mambo ya utawala, ya zawadi, ya wajibu, maneno yanayojaza vitabu viwili vikubwa kuliko karibu vyote vya utenzi. Yaani alipokuwa na nguvu hakujibu swali moja la mwanamke mmoja, na alipopigiliwa chini akajibu kila kitu. Wapo wanaoona hilo ni fahari. Mimi naona huzuni tupu, kwa kuwa waliokuwa wakihitaji majibu yale wengi walikuwa majivu.

Mstaafu wa Mufindi (Mafinga) ameandika:

Wanangu na ndugu zangu, nimesoma yote, mengine mara tatu. Mtumishi, na wewe nakushukuru. Nimeirudia habari ya Nathani.

Fundi, umenichoma mahali penyewe. Mashimo yalichimbwa na mwana wa kwanza wa shemeji yangu, akiwa na miaka 16, aliyeacha shule kwa kukosa ada. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake, na nilimwona akipita barabarani na viriba kwenye karai, asubuhi ya ukungu, suruali imelowa hadi magotini, wenzake wakielekea darasani. Nilimsalimu, akaitikia, nikaendelea na safari. Katika kikao chote kile hakuna aliyelitaja jina lake, na mwenyewe alikaa nje akichunga sufuria.

Jumapili nilikwenda kwa shemeji. Alinitolea kigoda, akaniwekea viazi na chai, akakaa kimya akinisubiri, na sikupata mahali pa kuanzia isipokuwa pale pale, nikamwambia kwamba swali lake nililielewa siku ile, na kwamba jibu nilikuwa nalo. Hakulia wala hakunishukuru. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ndani yake mna nakala ya hati ya mahakama, na kikaratasi chenye tarehe ya siku ambayo lori la kwanza la magogo lilipita mbele ya mlango wake. Aliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya mtoto wake. Lori lilitangulia hati kwa wiki sita.

Mkaazi wa Soweto, umeniuliza nitafanya nini siku ya pili yake. Nimekwisha kumwandikia mwanangu yule, msimamizi, nakala nimempa mwenyekiti wa kijiji, nikieleza nilichokijua na tangu lini. Alinipigia simu usiku akanitukana, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu azaliwe, kisha simu ikakatika. Asubuhi mke wake alinipigia akasema atakuja kwenye kikao, ila hajui kama mumewe atakuja. Kama hatafika, nitakwenda mahakamani na ule mfuko wa nailoni, na shemeji, na kijana.

Kikao ni Jumamosi, na safari hii hatutakaa nyumbani. Tutakutana shambani saa mbili asubuhi, tuhesabu iliyobaki, mti kwa mti, nyumba zote mbili zikiwapo, na kijana yule ndiye atakayetangulia kwa kuwa ndiye anayejua mipaka ilipopita kabla majani hayajaifuta. Nimenunua kopo moja la rangi nyekundu na brashi mbili. Fundi, kama unaweza kupanda basi la alfajiri kutoka Iringa, njoo utusaidie kukadiria mbao, nauli nitairudisha.